Robine ya Mahamudu

Mahamudu alipokufa, mkewe Amida alibaki na samaki wawili wekundu ambao hakuwahi hata mara moja kuwalisha. Tangi lao la kioo lilikuwa sebuleni, nyumbani mtaani Katuba, kando ya kiti cha marehemu. Chujio lilitema maji kwa nguvu, likawasukuma samaki hadi kwenye kioo.

Binti yao Rachida alipokuja Ijumaa kumjulia hali mama yake katika eda, alimwonyesha robine, koki ndogo ya plastiki juu ya chujio.

"Mama, maji iko na nguvu sana. Kunja hivi, itapunguka."

Amida akaizungusha nusu. Maji yakatulia.

Kesho yake alishinda mlangoni akishona gauni. Nyumba haina mlango mwingine, wala hakuna aliyempita. Adhuhuri aliingia kuchukua uzi, akakuta robine iko wazi kabisa. Labda nimesahau, akawaza. Akaizungusha tena nusu, kisha kwa chaki yake ya kukatia nguo akachora mstari pale ilipoishia.

Alasiri robine ilikuwa wazi tena, mstari umefutika. Na kwenye mkono wa kiti cha Mahamudu palikuwa na chaki nyeupe, alama za vidole vitatu.

Amida akatazama vidole vyake. Vilikuwa safi, alikuwa ametoka kutawadha.

"Mahamudu, ni weye? Unataka nini?"

Akaifunga tena.

Siku tatu walishindana hivyo, yeye akifunga, mkono asiouona ukifungua. Mvua ilikuwa bado, joto la Oktoba limejaa ndani. Siku ya nne aliifunga karibu yote kwa hasira, akavuta kigoda, akaketi kuilinda. Robine haikusogea. Lakini samaki walipanda, mmoja kisha wa pili, wakatoa midomo juu ya maji wakitweta.

Akampigia Rachida simu.

"Banakosa hewa, mama! Na hii joto, maji ikilala, hewa haiingie. Fungula yote, alafu geuza mdomo ya filtre iangalie kioo. Nguvu itavunjikia pale."

Akaifungua yote, akageuza mdomo wa chujio. Maji yakapiga kioo, yakasambaa, na juu yakatetemeka. Taratibu samaki wakashuka.

"Kumbe njo hii ulikuwa unaniambia," Amida akamwambia mumewe, bila kugeuka.

Nyuma yake kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anaponyanyuka.

Tangu hapo robine haikuguswa tena. Wiki ikapita, kisha ya pili. Amida alitarajia kupata usingizi mzuri. Badala yake alikuwa akiamka na kwenda kuitazama. Asubuhi moja akaifunga mpaka mwisho kwa makusudi, akasubiri. Akaita jina la mumewe mara mbili. Samaki wakaanza kupanda. Alivumilia kidogo, kisha aibu ikamshika, akaifungua kwa mkono wake mwenyewe. Hapo akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jirani yake Christiane akaja mbio.

"Mama Rachida, kuko nini?"

"Hakuna kitu. Ingia, ukae na miye."

Christiane akavua viatu, akaingia. Walikaa wawili kwenye mkeka hadi adhana ya adhuhuri.