Sifuri ya Zamda

Kompyuta zetu tatu hapa Kibiti zinawapigia hesabu watafiti wa dawa ya malaria, na kila kazi ikikamilika tunapewa pointi. Yangu inazo, ya mke wangu Natalia inazo. Ya jirani yetu Zamda, iliyoko kwenye duka lake la fotokopi, ina sifuri.

"Mwalimu Joachim, leo mwisho," akasema Zamda. "Hao watafiti wako kama hawaitaki mashine yangu, naitoa."

"Vumilia dada. Mimi mwenyewe mama mkwe alinikataa mara ya kwanza."

Akacheka, lakini hakutania. Nikakagua intaneti, nzima. Niliipanga mashine ianze hesabu kila siku saa mbili asubuhi, na Zamda huizima adhuhuri akienda shambani. Ndipo nikaona saa ya kwenye skrini. Nje ni saa nne, jua kali, nayo inasoma 4:00.

"Nani kairekebisha hivi?"

"Mimi! Ilikuwa inasema kumi, na saa nne ndiyo hii."

Kumbe kwa mashine bado ni alfajiri, na kila siku inazimwa kabla asubuhi yake haijafika. Nikairudisha kwenye kumi. Feni ikaanza kuvuma.

"Maskini, ilikuwa imelala tu," akasema Zamda. "Basi iache na saa yake. Mimi nina adhana."