Ua Lenye Vishimo Viwili

Dada yangu hupamba maharusi. Hupamba pia majeneza, kumbi, magari na keki, na ukimwachia hata kuku utamkuta na utepe shingoni. Mikono yake ni ya ajabu, hilo silikatai. Ndiyo maana mwenzetu wa kazini anayebandika mimea mikavu kwenye karatasi alipokwenda likizo ya uzazi, na homa ikanilaza kitandani wiki ileile ambayo Profesa mmoja wa mimea alikuwa anakuja kukagua kazi yangu, nilimwomba Dada anisaidie. Ningekuwa na akili zangu timamu ningemwomba mtu mwingine yeyote, hata mlinzi wa getini.

Nafanya kazi katika chumba cha mimea mikavu. Mmea ukichumwa porini tunaulaza katikati ya magazeti, tunaubana hadi ukauke, kisha tunaubandika kwenye karatasi nene yenye lebo pembeni inayosema ulitoka wapi na lini. Karatasi huingia kwenye jalada, jalada huingia kwenye kabati la chuma, na kabati hunuka dawa ya wadudu kiasi kwamba hata nguo zangu za sikukuu zinanuka vivyo hivyo. Watu huniuliza kazi hiyo ina faida gani. Nimechoka kuwajibu.

Kila mmoja pale kazini ana familia yake ya mimea, na yangu ni ya jentiana. Ni familia ya maua ya porini yanayopenda kuniudhi. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, mengi hayana hata kikonyo. Ukivunja shina halitoi maziwa, na hapo ndipo unapolitenga na majirani zake wanaotoa maziwa. Petali zimeungana chini, na kabla ua halijafunguka huwa zimejisokota pamoja kama nguo inayokamuliwa. Mbegu zake ni vumbi tupu. Ukitafuna jani, uchungu wake unabaki mdomoni mpaka chakula cha jioni. Na ile samawati yake inayosifiwa na kila mpiga picha, ukiikausha, inageuka kahawia, kwa hiyo mgeni akija kutaka kuona "lile ua zuri" mimi humwonyesha kitu kinachofanana na majani ya chai.

Sasa, ndani ya familia hiyo kuna mmea mmoja wa bondeni, wa kawaida kabisa, wenye maua meupe yenye mistari. Kila petali yake ina kishimo kimoja cha mbochi, ule utamu unaofuatwa na nyuki, na kishimo hicho kimezungukwa na vinyweleo. Kwenye kilima cha mawe palikuwa na mmea unaofanana nao kama pacha, isipokuwa petali zake zilikuwa na vishimo viwili. Nilisema ni spishi nyingine. Nilisema hivyo kwa miaka, kwa yeyote aliyesimama karibu. Wakati nasema, watu wa kokoto walikilipua kile kilima, wakakisaga, wakakimwaga barabarani, na mmea ukaisha. Zikabaki karatasi zangu tu.

Miaka ishirini nimekaa chumbani mle nikipanga mimea iliyopewa majina na watu wengine. Huu ulikuwa wa kwanza kuwa wangu. Profesa, bingwa wa familia hii ambaye kauli yake ndiyo inayofuatwa na wote, alikuwa ameniandikia kwamba atapita kujionea mwenyewe. Akikubali, mmea wa kilimani ungepata jina, na jina ningelitoa mimi. Akikataa, ungeingizwa kwenye jalada la mmea wa bondeni na kusahauliwa, na mimi pamoja nao.

Asubuhi ya siku ya Profesa nilifika kazini homa ikiwa haijaniisha vizuri. Dada alikuwa amenitangulia. Alivaa aproni yake ya kazi na tabasamu la mtu anayesubiri kusifiwa.

"Fumba macho, Bi Hadubini," alisema.

"Dada, sina nguvu za michezo."

"Fumba!"

Nikafumba. Nilipofumbua, karatasi zote zilikuwa zimetandazwa kwenye ile meza ndefu, na nakuambieni, zilikuwa nzuri. Shina limelala sawa, majani yamenyooka, gundi haionekani hata tone. Katika miaka yangu yote sijaona mimea iliyobandikwa vizuri vile. Moyo ukanijaa nikakaribia kumkumbatia. Kisha nikaona mmea mmoja wa bondeni, mdogo, niliouchuma kwa mkono wangu mwenyewe, na ukawa unanitazama na maua mengi kuliko niliyoyachuma.

"Dada, huu ulikuwa na maua mangapi?"

"Mawili tu, maskini. Ulikuwa unatia huruma."

"Na sasa?"

"Nimeuongezea."

"Umeongezea kutoka wapi?"

"Kutoka kwa wenzake. Kuna wengine walijazana mpaka maua yanafunikana, wengine wako uchi. Nikapunguza huku, nikaongeza kule. Wewe mwenyewe si ulisema wote ni familia moja?"

Nikakaa chini. Hapakuwa na kiti pale, nikakaa sakafuni. Dada akaniletea maji, akanipepea kwa lebo ya mmea, na nilipomnyang'anya hiyo lebo akadhani homa imerudi.

Sitarudia niliyomwambia. Mengine hayaandikiki, na mengine yalihusu mambo ya tangu utotoni ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na maua. Yeye alisimama mikono kiunoni, akaniacha niishiwe pumzi, kisha akasema, "Umemaliza? Haya, sasa niambie kosa ni nini, maana nasikia kelele tu."

Kabla sijajibu, Mkurugenzi akachungulia mlangoni. Akatazama meza, akapiga makofi. "Hizi ndizo kazi! Profesa atafurahi sana. Kwa nini siku zote hatufanyi hivi?" Akaondoka zake. Dada akanitazama kwa jicho la ushindi, nami nikamwomba Mungu anipe subira, kwa sababu siku hiyo yangu ilikuwa imekwisha kabla ya saa tatu.

Nikamweleza, pole pole, nikiwa nimekaza meno. Kwamba karatasi si pambo, ni ushahidi. Kwamba ua likitoka kwa mmea wake, limepoteza ulimi wake. Kwamba hoja yangu nzima imekaa kwenye vishimo ambavyo hata macho hayavioni bila lenzi, na sasa maua ya kilimani yako bondeni na ya bondeni yako kilimani.

Safari hii alinielewa. Niliona uso wake unavyobadilika, na kwa dakika moja nikamhurumia.

"Lakini mimi nakumbuka kila ua nililobandika," alisema. "Hili, hili, na hili. Haya matatu. Hili hapa."

"Vizuri! Na uliyatoa wapi?"

"Nakumbuka nilikoyaweka," alisema. "Sikumbuki nilikoyatoa."

Huruma ikaniisha palepale.

Hata hivyo kulikuwa na njia. Ua lililobandikwa na Dada halina maana tena, lakini lile ambalo halijaachana na shina lake ni shahidi mwaminifu. Tukapita karatasi moja moja. Dada akionyesha kwa kidole, mimi nikiweka alama ya penseli kwenye maua yake. Ilinichukua muda kuona balaa jingine. Dada alikuwa amechuma yale mazuri yote. Kwenye mashina ya kilimani yalibaki maua madogo ya chini, yaliyojikunja, na machipukizi ambayo hayajafunguka.

"Yale mabaya nimeyaacha," alisema kwa sauti ndogo. "Nani anataka mabaya?"

"Nayataka mimi," nikasema. "Washa birika."

Ua kavu huwezi kulifungua hivihivi, litavunjika. Unalitia kwenye kisahani cha maji ya moto hadi lilainike, kisha unalifungua kwa sindano na kibano chini ya hadubini. Nikalitia la kwanza. Dada akaegemea bega langu akinipumulia sikioni.

"Nini? Unaona nini?"

"Naona kichwa chako kimenizibia mwanga."

Petali tano, na kila moja ina vishimo viwili, vimekaa sambamba na vinyweleo vyake pembeni. Nikashusha pumzi. Nikamwachia Dada achungulie, na akashangaa kuona ua dogo vile lina mambo mengi hivyo ndani. Akasema vinyweleo vinafanana na pazia la ukumbi. Nilikaribia kucheka.

La pili lilitoka kwenye shina lilelile, chini zaidi. Petali tatu zilikuwa na vishimo viwili. Petali mbili zilikuwa na kimoja.

Nikafuta lenzi kwa kitambaa. Nikatazama tena. Nikabadilisha taa. Nikafungua la tatu, la shina lilelile, na hilo lilikuwa na kimoja kila petali, kama la bondeni. Nikahamia mmea mwingine wa kilimani, na mwingine, na yote ikaniambia hayo hayo. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikachukua mmea wa bondeni, nikachagua ua dogo la chini kabisa, lililonyauka, nikalilainisha. Lilikuwa na vishimo viwili kwenye petali mbili.

Miaka yote hiyo nilikuwa nafungua ua la juu, lile kubwa lililofunguka vizuri, kwa sababu ni rahisi kulilainisha na linapendeza kwenye picha. Hakuna aliyenikataza kufungua mengine. Nilichagua mazuri, kama Dada, ila yeye angalau halipwi mshahara wa kujua zaidi. Nilijiudhi kuliko alivyoniudhi yeye asubuhi nzima, na hiyo si kazi ndogo.

"Viwili, kimoja, viwili," alisema Dada akiwa kwenye hadubini. "Sasa hiyo maana yake nini?"

"Maana yake ni mmea mmoja."

"Mmoja vipi? Si ulisema ni miwili?"

"Nilikosea."

Alinyanyua kichwa. Nadhani hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Akazitazama zile karatasi, akazitazama tena.

"Huyo Profesa atafungua maua yote haya?"

"Hapana. Ataangalia nitakayomwonyesha."

"Basi mwonyeshe lile la kwanza."

Alisema taratibu kabisa, huku akikunja aproni yake, na ubaya ni kwamba na mimi nilikuwa nimeshaliwaza. Lile ua la kwanza bado lilikuwa kwenye kisahani, limefunguka vizuri, vishimo viwili kila petali. Ningelisukuma tu chini ya lenzi. Kilima hakipo, hakuna mtu ambaye angekwenda kuchuma mengine. Nilimfokea Dada tena, na safari hii nilimfokea kwa sababu alikuwa amesoma mawazo yangu.

Profesa aliingia saa nane mchana. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya vumbi na begi la mgongoni, na hakutaka chai wala hotuba ya Mkurugenzi. Akazunguka meza mara moja. Akausifu ubandikaji, na Dada, kwa mara ya kwanza maishani, hakujibu sifa.

"Haya," Profesa akaniambia, akivuta kiti hadi kwenye hadubini. "Nionyeshe mmea wako."

Nikamsogezea visahani vyote, cha kwanza na cha mwisho, na vile vya katikati. Alivitazama kimoja kimoja. Kisha akaondoa jicho kwenye lenzi, akanitazama mimi, na nikajua ameona nilichokiona. Hakuwa na haja ya kunieleza, na kwa hilo nilimshukuru.

"Maua yenye alama ya penseli yasihesabiwe," nilisema. "Yaliyobaki yanatosha."

Nikafungua jalada la mmea wa bondeni. Nikaanza kuzichukua karatasi za kilimani moja moja na kuziingiza humo, juu ya zile nyingine. Nilikuwa nimebakiza ya mwisho mkono wa Dada ulipotua juu yake.

"Unafanya nini?"

"Naziweka mahali pake."

"Mahali pake wapi? Tangu asubuhi umenifokea kwa kuzichanganya! Umenitukana mpaka na mambo ya utotoni! Sasa wewe mwenyewe unazichanganya, tena mbele ya mgeni!"

"Dada, achia."

"Siachii. Profesa, mwambie asubiri. Atafute tena. Huyu ana haraka, siku zote ana haraka."

"Dada, utaichana."

"Huu ulikuwa wako," alisema, na sauti yake ikakatika. "Miaka yote hiyo. Huu mmoja tu ndio ulikuwa wako."

Profesa akageuka kutazama dirishani. Dada akaachia kona ya karatasi. Nikaiingiza, nikalisawazisha jalada kwa viganja viwili, na hapo ndipo machozi yaliponitoka, mengi, bila aibu, yakianguka mezani.

Dada akanisukuma kwa kiwiko, akalivuta jalada upande wake haraka.

"Lia pembeni," alisema, huku na yeye akilia. "Utazilowesha."