Solotepu ya Murshid

Mwezi wa tatu kuta za Guangzhou hutoka jasho. Swalha alikuwa akiufuta mzani wake wa mizigo, katika ofisi yake ya kusafirisha makontena ndani ya jengo la Tianxiu Dasha, mwanawe Murshid alipoingia. Murshid alizikwa Dar es Salaam mwaka uliopita. Mashine ya mlangoni haikuutambua uso wake, kwa hiyo mlinzi alimfungulia kwa mkono kama anavyowafungulia wageni wengine, naye akapanda lifti.

"Shikamoo, mama," alisema, akaitazama sakafu. "Mzigo uko wapi?"

Hapakuwa na mzigo. Swalha alimpa kiti na chai. Chai ikapoa.

Jengo zima lilijua kwa nini sakafu ile ilikuwa tupu. Kule nyumbani Murshid alikuwa mfungaji wa katoni katika ghala la mama yake sokoni. Siku moja aliona lori linaondoka na katoni iliyofunguka, akalikimbilia huku ameshika chombo cha kukatia solotepu, kile chenye mpini na meno ya chuma. Nyuma ya lori, ndani ya gari lake, alikaa Mwadini, muuza vyombo vya jikoni, mtu aliyewahi kuvamiwa na majambazi akapoteza jicho. Alimwona kijana anakuja mbio na kitu mkononi. Mwadini alikuwa na bastola, na leseni yake. Mahakama ilisema alijihami.

Swalha hakuomba Mwadini afungwe. Aliomba wenye bastola waziache kituo cha polisi kabla ya kuingia sokoni, basi. Chama cha wafanyabiashara kilipoanza kulijadili ombi hilo, wamiliki wa silaha, wengi wao wateja wake wanaokuja Guangzhou kununua bidhaa, walijipanga. Walikwenda kwa diwani. Walipita duka kwa duka wakieleza kuwa hawajavunja sheria yoyote, kwamba haki ikiondolewa sokoni leo, kesho itafuatwa nyumbani. Kisha wakakubaliana kuwa hakuna atakayempa Swalha mzigo mpaka alifute ombi lake.

Hawakumtukana. Alipougua homa walimletea uji wa pilipili manga, na Mwadini mwenyewe ndiye aliyebeba chupa. Mizigo tu ndiyo iliyopita mlangoni pake, ikaenda kwa Ussi, wakala wa upande wa pili wa korido.

Wiki ile aliyorudi Murshid, katoni za wamiliki wa silaha zilikataa kufungika. Solotepu ilishika, ikatulia, kisha ikajibandua taratibu kutoka mwisho hadi mwanzo. Walilaumu unyevu. Walinunua nyingine mtaa wa Yide Lu, nayo ikajibandua. Huko Nansha kontena la Ussi lilifunguliwa likatapika sufuria bandarini. Katoni za wasio na bastola zilisafiri salama.

Mwadini ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma toroli lake mpaka kwa Swalha.

"Shikamoo, mzee Mwadini," alisema Murshid.

"Marahaba." Mwadini aliliangalia tundu la risasi kifuani mwa kijana. Upepo wa kiyoyozi uliingia humo ukalipeperusha shati kwa nyuma. "Ukifunga wewe zitashika?"

"Zitashika."

Alipiga magoti akafunga, mstari mmoja katikati, miwili pembeni, akipapasa kila mwisho kwa kiganja. Zikashika.

"Sasa ziweke mzanini, laoban," Swalha alisema. Laoban ndivyo wauzaji wa Kichina wanavyomwita tajiri wanayetaka anunue.

"Bi Swalha, msibani kwako nilikuja kwa moyo, na nililia. Mzigo ni jambo jingine. Lifute lile ombi, kesho korido yote itakuwa yako."

"Ndiye huyo anakufungia. Mtazame."

"Namtazama," Mwadini alisema, na kweli alikuwa akimtazama. Kisha akasukuma toroli kwenda kwa Ussi.

Tangu hapo kila alasiri kulikuwa na foleni. Swalha alimsihi mwanawe akatae. Alimwambia kwamba watu hawa wanamtumia yeye kumnyonga mama yake.

"Mama, katoni ikifika imefunguka, anayelaumiwa ni aliyeifunga," alisema Murshid. Alikuwa akisema hivyo tangu yu hai. Kwa maneno hayo alilikimbilia lori.

Nyumbani chama kilipiga kura, ombi likaanguka. Swalha hakulifuta hata hivyo, na mzigo haukuja. Mwenye jengo alitaka ofisi yake. Siku ya kuhama, Swalha aliutia mzani katonini, akaisogeza katoni hadi mbele ya foleni. Murshid aliifunga kama alivyozifunga nyingine, akaandika jina la mama yake juu, kwa herufi kubwa. Swalha alisubiri aseme neno. Murshid alimwambia ashike kwa chini, ni nzito.

Kisha akageuka haraka, chombo mkononi, kuuliza nani anafuata.

Alikuwa Mwadini. Mkono wake ulishaenda kiunoni, ukakuta mkanda mtupu, maana China bastola hairuhusiwi.

"Samahani, kijana," alisema.

Murshid alisema si kitu, akamwomba asogeze toroli karibu.