Mkataba wa Pango

Mzee Aroni hakuwahi kupanga nyumba ya mtu maishani mwake, na jambo hilo alilisema kwa majivuno kila alipopata nafasi. Alizaliwa katika nyumba ya baba yake, akaoa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, nje kidogo ya Mafinga, pale misonobari inapoanza. Ujana wake wote alipanga mbao kiwandani. Uzeeni alipanga mikutano ya usharika. Chumba hakupanga hata siku moja. Laiti angelala japo mwezi mmoja katika chumba cha kupanga, yaliyompata yasingempata.

Shule aliiacha darasa la nne, ingawa hilo hakupenda kulitaja. Mengine yote aliyapata katika masomo ya jioni, akitoka kazini na vumbi la mbao masikioni. Alisoma kwa bidii hadi watu wakasahau kwamba aliwahi kutojua. Miaka kumi na minane alikuwa katibu wa baraza la wazee, na katika mfuko wa koti lake haikukosekana peni ya bluu. Kwa peni hiyo alisahihisha matangazo ya kanisani, barua za wakwe, hata kadi ya harusi ya binti yake, ambayo ilirudi kwa mchapaji mara mbili.

Sasa, miaka mitatu iliyopita, kanisa lilikuwa limepanuliwa na sauti ya Mchungaji Danieli haikuwa ikifika nyuma. Usharika ulihitaji spika, mikisa ya kuchanganyia sauti na maiki zisizo na waya, lakini uwezo wa kununua vyote kwa mkupuo haukuwapo. Suresh, mwenye duka la vyombo vya sauti mjini Mbeya, akasema hilo si tatizo. Watalipa kila mwezi kwa miaka mitatu, na fundi wake atakuja kila baada ya miezi mitatu kuvikagua na kuvitengeneza. Mkwewe, Sneha, aliyekuwa akishika ofisi, aliandika mkataba kwa Kiswahili ili wazee wauelewe, akatuma nakala mbili kwa basi.

Mzee Aroni aliusoma mbele ya baraza, mwezi wa sita, kila mtu amejikunyata ndani ya koti.

"Mkataba wa Pango la Vyombo vya Sauti," alisoma, kisha akavua miwani. "Pango? Kwani sisi popo?"

Wazee walicheka. Gideoni, mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko wote, alicheka hadi akakohoa.

"Wenzetu hawa Kiswahili kinawapiga chenga," Mzee Aroni akaendelea, huku akitoa peni. "Wamesahau herufi. Ni mpango. Tunapanga malipo, tunalipa kidogo kidogo, tunamaliza." Akaiongeza m yake ya bluu kwenye nakala ya usharika, mahali saba, kila moja imekaa vizuri mbele ya p. Nakala ya duka ilisainiwa kama ilivyo, ikarudishwa Mbeya.

Palikuwa na mwanamke mmoja tu barazani, Blandina, fundi cherehani, mwakilishi wa kwaya. Akainua mkono.

"Samahani, Mzee Katibu. Pale stendi ninaposhonea, mwenye kibanda na yeye aliniandikia hivyohivyo. Pango ni ile kodi ya—"

"Blandina, binti yangu," alimkata, bila ukali, tena kwa tabasamu, "hivi wewe umefika darasa la ngapi?"

Blandina akatazama meza. "Nilikuwa nasema tu, Mzee."

"Kusema kuna wakati wake, na kushona kuna wakati wake."

Wakacheka tena. Blandina akafunga daftari lake. Kikao kilichofuata hakuja, na kabla ya Krismasi alikuwa ameacha na kwaya. Jumapili akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na wenye watoto wachanga. Mzee Aroni aliliona hilo. Akajiambia kwamba wanawake wana mambo yao.

Kulikuwa na sharti jingine: mwisho wa pango, vyombo virudishwe dukani. Hilo nalo alilieleza. Vinarudi dukani kukaguliwa mara ya mwisho, alisema, halafu tunapewa hati yetu ya umiliki. Nani angebisha?

Miaka mitatu ilikwenda vizuri. Mahubiri yalisikika hadi barabarani kwenye malori ya mbao. Fundi Irfan, mtu wa makamo mwenye mvi kidevuni, alikuja bila kukosa. Alipuliza vumbi kwenye mikisa, akachomelea nyaya, akabadilisha betri za maiki, kisha akanywa chai nyumbani kwa Mzee Aroni. Hakudai hata shilingi.

"Katibu wetu amewabana kwelikweli," Gideoni alipenda kusema. "Matengenezo bure miaka mitatu! Nani mwingine angeweza?"

Mzee Aroni alikuwa akitazama pembeni, akijifanya hakusikia.

Mwezi wa tatu mwaka huu ilikuja barua kutoka dukani ikiuliza kama usharika utaendelea na pango. Alishangaa kwamba hata sasa hawajajifunza kuandika neno hilo. Akajibu siku ileile, kwa mwandiko wa kupendeza.

Basi mwezi wa sita Irfan alikuja na pikapu badala ya pikipiki. Gideoni alimkuta anakunja nyaya.

"Fundi, mbona unafungasha?"

"Mkataba umeisha, Mzee."

"Ndiyo, umeisha. Kwa hiyo ni vyetu!"

Irfan alisimama na waya mkononi, akidhani ni utani. Watu walikusanyika. Mmoja akasema Wahindi wezi, mwingine akamwambia Irfan kwamba chai yote aliyokunywa pale imtokee puani. Irfan alimtafuta Mzee Aroni kwa macho, na Mzee Aroni, akiwa na faili kwapani, akasema kwa heshima zote kwamba bila shaka kuna kosa ofisini. Mchungaji Danieli akaamua kwamba vyombo viende kama sharti linavyosema, na katibu na Gideoni wavifuate Mbeya kudai hati.

Siku mbili baadaye walikuwa dukani. Gideoni alianza kugombana na Suresh hapo hapo kaunta, naye Sneha akamkaribisha Mzee Aroni ofisini, akafungua nakala yao. Pango, pango, pango. Mara saba, bila wino wa bluu.

"Mama," aliuliza taratibu, "hili neno kwenu lina maana gani?"

"Pango?" Sneha akashangaa. "Si kodi ya kupanga, Mzee? Hata duka hili siyo letu. Baba analipa pango mwaka wa ishirini sasa." Akaona uso wake ulivyobadilika, akafikiri ana wasiwasi wa kitu kingine. "Wala hamna deni. Na tuliuliza mapema. Hii hapa barua yako. Nilimwonyesha hata Baba, nikamwambia tazama mwandiko wa huyu mzee."

Akaisoma kwa sauti. *Hatuna haja ya kuendelea, kwa kuwa mpango umekamilika. Tunawashukuru.*

"Ndipo tukavitafutia mpangaji mwingine," alisema Sneha. "Vimeenda Mbalizi jana."

Kutoka kaunta alisikia sauti ya Suresh, iliyochoka zaidi ya kukasirika: "Mzee wangu, miaka mitatu tunatengeneza bure. Wewe ulishaona mtu anatengeneza bure mali ya mwenzake? Nilikuwa natengeneza mali yangu!"

Mzee Aroni alikunja faili lake lisionekane ndani. Pale pale angeweza kutoka na kumwambia Gideoni. Badala yake alimshukuru Sneha, akaaga. Safari nzima ya kurudi Gideoni alisema, "Umeona wanavyotuchezea? Wamefuta ile m kwenye nakala yao! Lazima tufungue kesi," naye akatazama mashamba ya mpunga dirishani, asijibu. Kukaa kimya kulikuwa rahisi ajabu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi siku zile zote zilizofuata. Alimkumbuka Irfan na waya mkononi, akimtafuta kwa macho. Tena, bila kutaka, aliliona daftari likifungwa.

Jumapili, baada ya mahubiri ambayo nusu ya kanisa haikuyasikia, Mchungaji Danieli alisema, "Katibu atatupa taarifa ya Mbeya. Halafu Mzee Gideoni atazungumzia michango ya kesi."

Mzee Aroni alisimama. Mkono wake ulitafuta maiki mahali ilipokuwa ikikaa, ukakuta meza.

"Hakuna aliyetuibia," alisema. "Kosa ni langu."

"Sauti, Mzee!" mtu aliita kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

Alikuwa amejikusanya kulisema mara moja tu. Akavuta pumzi, akalisema tena, na sauti ya miaka sabini na minne ikapasuka katikati. Walio mbele waligeukiana. Walio nyuma bado waliweka viganja nyuma ya masikio wapate kusikia. Basi akashika njia katikati ya mabenchi, faili mkononi, akizungumza anapotembea: kwamba pango ni kodi, kwamba vyombo vilikuwa vya kupanga tangu siku ya kwanza, kwamba ile herufi aliiweka yeye. Kila benchi lilisikia kipande chake. Nyuma yake Gideoni alikuwa amesimama, mdomo wazi.

Alifika benchi la mwisho. Blandina alikuwa akimfunga mtoto wa jirani vifungo vya sweta.

"Blandina," alisema. "Siku ile ulikuwa unatuambia nikakukata. Ulijua. Mimi sikujua. Ningekuacha umalize, leo tungekuwa tumeweka akiba ya kununua vyetu. Nisamehe."

Blandina alimaliza kifungo cha mwisho kwanza.

"Siku ile uliniuliza swali, Mzee Katibu," alisema, "nami sikukujibu. Uliniuliza nimefika darasa la ngapi."

Mzee Aroni alisubiri.

"La saba," alisema Blandina, akamgeukia mtoto.

"Kasema nini?" Gideoni aliita kutoka mbele. "Huku hatusikii! Kasema nini?"

Hapakuwa na mwingine wa kujibu. Mzee Aroni wa darasa la nne aligeuka akalitazama kanisa zima, lililokuwa likimngoja.

"Amesema la saba," alisema, kwa sauti yote aliyobakiwa nayo.