Mbegu za Mvua ya Kwanza

To! To-to! Mabati yalilia kabla Mulumba hajafumbua macho. Kisha paa zima likaunguruma, naye akaruka kitandani akicheka.

"Tshibola, amuka! Mvua!"

"Tuko mwezi wa tisa," mkewe akajibu. "Batu ba hapa banapanda mwezi wa kumi na moja. Acha hata nusu ya mbegu."

"Kwetu Kasai, mwezi wa tisa mahindi iko mu udongo! Na miti, hauione?"

Miti ilionekana kweli. Nyuma ya mtaa wao wa Manika, miti ya miombo ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu kama shaba. Mulumba alikuwa amefukuzwa mgodini tangu Julai, na cha kuwalisha watoto wake wanne kilikuwa ndoo moja ya mbegu. Akaibeba yote.

Mpakani mwa shamba alimkuta jirani yake Kalenga, mwenyeji ambaye yeye alizoea kumwita mtu wa porini.

"Sitwayeni Kasai! Miti imekwambia upande?" Kalenga akauliza, akimwita "raia" kwa Kifaransa cha kejeli.

"Imeniambia."

"Basi panda. Panda yote!" Kalenga akavuta tumbako yake. Alijua.

Siku ya sita mahindi yakachomoza, na Mulumba akapita mbele ya Kalenga akipiga mluzi. Kisha mvua ikakatika. Wiki moja, mbili, tano. Mahindi yakajikunja kama karatasi motoni, huku miombo ikizidi kunawiri.

"Miombo inakunywa chini kabisa, maji ya mwaka jana," Kalenga alimwambia. "Mahindi yako ya mizizi ya kidole kimoja ilitaka kunywa nini?"

"Ulijua, na ukaniacha!"

"Mutu wa pori anajua nini, baba?"

Mvua ya kweli ilipofika Novemba, Tshibola alikwenda mwenyewe kuomba mbegu. Kalenga akampa ndoo nzima kwa sharti moja: Mulumba ang'oe mabua yake makavu kwa mikono, moja moja, mbele yao. Akang'oa tangu asubuhi, magoti matopeni. Kila aliponyoosha mgongo, sauti ya Kalenga ilimfuata: "Kule umesahau moja, sitwayeni."

Alipomaliza, akanyoosha mkono kuipokea ndoo. Tshibola akaivuta kifuani.

"Nipe, nipande."

"Utalima," akasema kwa nguvu, hadi wapita njia wakageuka. "Utapalilia, utavuna. Lakini mbegu, Mulumba, ninakuapia mbele ya Kalenga na ya hii miti yako: mpaka siku ya kukuzika, hautaigusa tena."