Hukumu ya Karani

Ukurasa wa mia tatu arobaini na moja Mzee Nchagwa aliusoma mara tatu. Mara ya kwanza alidhani macho yamemdanganya. Mara ya pili alifungua kamusi akatafuta maneno manne aliyoyajua tangu zamani, ili tu awe na hakika. Mara ya tatu aliweka kidole chini ya kila mstari, kama alivyofundishwa kwenye darasa la ngumbaro, la watu wazima, akiwa kijana, na alipofika mwisho alivua miwani akaiweka mezani. Karani hakuiba mkufu.

Ilikuwa Jumatano. Kesho yake iritongo, baraza la jadi la wanaume wote wa kitongoji, lingekaa kumhukumu Mogesi.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Kiingereza ya zamani sana, ya enzi za Malkia Viktoria, nene kama tofali. Mzee Nchagwa alikinunua Sirari, mpakani, kwa muuza mitumba aliyekuwa amekiweka chini ya mguu mfupi wa meza yake. Mwalimu Wilbard, kijana wa Bukoba aliyepangiwa na serikali kufundisha shule ya msingi ya pale, ndiye aliyemwambia kwamba riwaya za namna ile zilitoka kipande kwa kipande, kila mwezi kimoja, na Waingereza wa wakati ule wakakaa siku thelathini wakisubiri kujua nani amekufa. Mzee alizipenda habari hizo. Alichukua wembe, akakigawa kitabu vipande kumi na vinane, akakishona kila kimoja kwa uzi wa gunia. Vipande visivyosomwa vilifungiwa kwenye sanduku la bati nyumbani kwa mwalimu, na ufunguo akabaki nao Mzee Nchagwa, ili asipatikane mtu mmoja mwenye vyote viwili.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu kumi na wawili hivi walikusanyika kwenye ghala tupu la ushirika, naye akawasomea kwa Kiswahili, akifasiri Kiingereza alichokipata Mwanza kwenye madarasa ya jioni, miaka aliyokuwa mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kipande cha mwezi alikitoa sandukuni Jumatatu ya wiki ile ile, akakiandaa. Sheria ilikuwa moja tu, na aliitunga yeye: hakuna kusema neno juu ya kipande kabla ya siku yake. Mwezi wa sita Mwalimu Wilbard alichungulia kwenye simu kujua hadithi inavyoishia, akajisahau akamwambia mtu, na Mzee Nchagwa akamfungia nje vikao viwili. Mwalimu mzima alikaa kwenye ngazi za ghala akisikiliza kupitia dirishani.

Wakishasoma, walihukumu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Watu wa huku ukiwaeleza kwamba kitu kimeibwa hawaondoki bila kumtaja mwizi. Kwenye kipande cha tano, mwezi wa nane, mkufu wa mjane tajiri ulipotea, na kulipokucha karani wa nyumba ile akawa hayupo. Wengine walisitasita. Mzee Nchagwa alisimama, akafunga kitabu, akasema kwa kupima maneno yake: "Asiye na hatia hakimbii."

Walipiga makofi. Wiki haikuisha kabla maneno yale hayajafika kisimani na mnadani. Wanawake waliyasema wakigombana, na watoto wa shule waliyasema wakicheza. "Kama alivyosema Mzee Nchagwa," watu walisema. Naye kila alipoyasikia alitembea amenyoosha mgongo zaidi.

Sasa maneno hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yanammaliza Mogesi.

Alfajiri ya Jumamosi iliyopita ng'ombe wanne wa Nashoni walitolewa zizini. Nashoni alipiga yowe, wanaume wakafuata nyayo, na nyayo zikawapeleka mpaka mtoni, mahali ng'ombe wa Mogesi wanaponywea maji. Pale zikapotea kwenye matope yaliyovurugwa na kwato za ng'ombe wa pale. Kwa desturi, mji ambako nyayo zinafia lazima uonyeshe zilikotokea upande wa pili, ama sivyo ubebe lawama. Waliita uani kwa Mogesi. Hakuwepo. Mke wake Happy alisema hajui alikokwenda. Jumatatu jioni ndipo Mogesi aliporudi, akitokea upande wa Kenya, na alipoulizwa alikuwa wapi, alinyamaza. Ananyamaza mpaka leo.

Adhabu ilijulikana kabla hata baraza halijakaa. Nyumba ingechomwa, na mwenyewe, mke na watoto wawili wangefukuzwa, wasikanyage tena udongo ule.

Mzee Nchagwa alivaa miwani, akasoma tena. Karani alikimbia kwa sababu mama yake alikuwa amefungiwa kwenye nyumba ya wendawazimu, mji wa mbali, na alikuwa anakata roho. Aliona aibu kumtaja. Aliyeiba mkufu alikuwa mpwa wa mjane. Lakini wakati mambo hayo yanafichuka, karani alikuwa ameshafungwa minyororo ndani ya meli, anapelekwa nchi ya wafungwa ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyejua ataishi au atakufa njiani.

Hakula usiku ule. Kumkosea mtu wa kwenye kitabu si kitu, alijiambia. Kisha akajiambia kwamba huo ni uongo.

Iritongo lilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa mnada. Mogesi aliwekwa katikati, amekaa chini, mikono juu ya magoti. Mbele kabisa, kwenye kiti, alikaa mkwewe, Nyangwine, baba yake Happy, rika la Mzee Nchagwa. Walitahiriwa siku moja na kisu kimoja, na kwa miaka hamsini na minne hawajawahi kufichana jambo. Mwenyekiti alimuuliza Mogesi kwa mara ya mwisho alikuwa wapi siku zile tatu. Mogesi alitazama miguu ya mkwewe, akainamisha kichwa.

"Mura, we kijana, huna mdomo?" mmoja akamwuliza. "Ng'ombe wa Nashoni walikula ulimi wako?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Nashoni alisimama. Hakuwa mtu mkali, lakini wale wanne ndio waliokuwa mali yake yote. Alisema hana maneno mengi, kwa sababu mwenye akili kuliko wote hapa alishayasema. Akageuka kumtazama Mzee Nchagwa. Uwanja mzima ukageuka naye.

Mzee Nchagwa alikuwa amekuja na kipande cha tisa ndani ya koti. Alihisi uzi wa gunia ukimchoma kifuani. Aliinuka taratibu, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu alitaka muda.

"Maneno hayo ni yangu," alisema. "Nimekuja kuyachukua."

Hawakuelewa. Akawaeleza. Aliwasimulia kipande cha tisa pale pale, siku mbili kabla ya siku yake, tangu karani anapofika kwenye mlango wa nyumba ya wendawazimu mpaka minyororo ya melini. Hakusoma, alisimulia. Alisema kwamba yeye, Nchagwa, aliyesoma mpaka Mwanza, alimhukumu mtu bila kumjua, mbele ya watu, akapigiwa makofi, na alikuwa amekosea. Neno hilo la mwisho hajawahi kulisema hadharani tangu azaliwe. Lilitoka kama jino.

Mwalimu Wilbard, aliyekuwa amesimama nyuma na watu wa kuja, alishika kichwa.

"Kwa hiyo Karani ameshinda kesi," mwenyekiti akasema. "Tunamshukuru Mungu. Na ng'ombe wa Nashoni wako ukurasa wa ngapi, Mzee?"

Safari hii walicheka sana. Mtu mmoja akasema mzee amesoma mpaka amekuwa Mwingereza, apewe chai ya maziwa. Mzee Nchagwa alisubiri. Alikuwa amechekwa kabla, darasani, akiwa na miaka kumi na tisa na hajui herufi, na alijua kwamba kicheko kina mwisho.

Kilipoisha aliuliza nani alivuka mto siku ile. Akauliza tena. Nashoni ndiye aliyesema hatimaye kwamba hawakuvuka, kwa sababu walikuta Mogesi hayupo nyumbani.

"Mlipopata mtu wa kulaumu mkaacha kutafuta ng'ombe," alisema Mzee Nchagwa. "Nipeni mpaka jua kuzama. Zisipopatikana nyayo upande wa pili, mnitoe mimi pamoja naye. Nyumba yangu ina bati, itachelewa kuungua, lakini mtakuwa na muda."

Hakuna aliyecheka. Wazee walinong'onezana. Mwenyekiti akasema kwamba siku tano zimepita na mvua imenyesha mara moja, kwamba mzee anacheza na umri wake, ila mpaka jua kuzama wamempa.

Walikwenda watu watano. Nashoni alitangulia na vijana wawili wazoefu wa kusoma nyayo. Mwalimu Wilbard aliomba kufuata, na hakuna aliyemkataza. Ng'ambo ya mto udongo ulikuwa laini na mvua ilikuwa imeufuta. Waliranda kingo zote mpaka saa nane bila kuona kitu. Vijana wakaanza kumtazama Mzee Nchagwa kwa namna watu wanavyomtazama mgonjwa. Alikaa juu ya jiwe, akawaza juu ya bati lake.

Happy alikuja pale na dumu la maji, peke yake. Alimpa shikamoo, akamkingia maji kikombeni anywe. Wengine walikuwa mbali. Akapiga magoti kama anayefunga kifuniko cha dumu, akasema kwa sauti ndogo:

"Baba, Mogesi alimtorosha mdogo wangu Ester. Ijumaa usiku. Yuko salama, kuna mama anamtunza. Baba yangu alikuwa ameshamwandikisha kwa ngariba, Jumatatu ijayo. Mogesi akisema alikuwa wapi, watamfuata mtoto."

Ester alikuwa kitinda mimba wa Nyangwine, msichana wa darasa la saba. Mzee Nchagwa alikumbuka kwamba Nyangwine alimwambia Jumapili kwamba binti amekwenda kwa shangazi yake, huko Issenye. Kumbe Nyangwine alikuwa hajui alipo mwanawe, na alikuwa anaona aibu kusema. Mzee alimrudishia Happy kikombe. Aliinuka na kuwaambia vijana waache kingo, waingie majini wapande na mto, maana mwizi anayeficha nyayo huswaga ng'ombe ndani ya maji.

Walipanda karibu nusu saa. Maji yalifika magotini, na Mwalimu Wilbard alimshika mkono mzee bila kuulizwa. Mahali mto unapopinda penye mawe, Nashoni alisimama ghafla. Aliinama, akagusa udongo kwa kidole. Chini ya mwamba uliojitokeza, ambako mvua haikufika, palikuwa na nyayo za ng'ombe zikitoka majini, na mmoja wao alikuwa akiburuta kwato ya nyuma. Pembeni palikuwa na alama za viatu vya watu watatu, vyenye soli za meno. Nyayo zilielekea mpakani.

"Huyu ni mlemavu wangu," Nashoni alisema. "Anaburuta hivi tangu ndama." Kisha akakaa kwenye maji, mtu mzima, akaficha uso.

Jua lilikuwa bado na kiganja kimoja juu ya milima waliporudi uwanjani. Nashoni mwenyewe ndiye aliyesema. Iritongo lilimwachia Mogesi, likawatuma vijana kumi na wawili mpakani, na watu wakatawanyika wakiongea kwa sauti kubwa, kila mmoja akisema yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Mogesi alipita mbele ya Mzee Nchagwa, akasimama. Akamwinamia tu, akaenda.

Nyangwine alikuja Ijumaa asubuhi. Hakukubali kiti, wala uji. Alisimama katikati ya sebule, fimbo mkononi, akasema kwamba amefurahi mkwewe hakuiba, ni heshima kwa mji wake pia. Ila jambo moja halijamtoka. Mtu anatoka Ijumaa usiku, na binti anapotea Ijumaa usiku.

"Na jana mke wake alikufuata mtoni peke yake," alisema. "Nakuuliza mara moja, kwa rika letu. Ester yuko wapi?"

Mzee Nchagwa angeweza kusema hajui. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na lingemwachia rafiki. Alimtazama yule mtu aliyesimama naye bega kwa bega kwenye baridi ya alfajiri ile ya kutahiriwa, wote wawili wavulana, wakiogopa na wakikataa kuonyesha. Aliona kwamba akisema uongo atakuwa hana rafiki vilevile, ila yeye peke yake ndiye atakayejua.

"Mahali sijui," alisema. "Lakini mambo yanayoweza kukuonyesha njia ninayajua. Na sikuambii."

Nyangwine hakupandisha sauti. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kitabu ndicho kimekufundisha hivyo?"

"Hapana. Kitabu kimenifundisha kwamba naweza kukosea. Hili nimeliamua mwenyewe, na kama nimekosea nitalibeba."

"Basi siku nikifa usije," alisema Nyangwine, akatoka.

Mzee Nchagwa alimfuata mpaka mlangoni, akaegemea mwimo. Pale chini ya ua njia inagawanyika, moja inakwenda nyumbani kwa Nyangwine, nyingine inakwenda barabarani kunakopita bodaboda za Sirari, upande alikotokea Mogesi Jumatatu ile. Nyangwine alifika penye njia panda, akasimama. Alisimama muda mrefu, mgongo wake mpana ukiwa umeelekea nyumba. Bodaboda ilipita barabarani, ikapunguza mwendo kwa ajili yake, dereva akamwita. Mzee Nchagwa alishika mwimo kwa mikono miwili.

Kisha Nyangwine aliitikisia pikipiki fimbo iende zake, akashika njia ya nyumbani, polepole, bila kugeuka nyuma hata mara moja.