Chaki Juu ya Chuma

Pikipiki iliingia nyumbani kwa Bi Povu Jumatatu asubuhi, juu ya mkokoteni, imefungwa kamba kama mgonjwa anayelazimishwa kwenda kudungwa sindano. Taa ilining'inia kwa waya mmoja. Kiti kilikuwa kimetoa matumbo. Nyuma ya mkokoteni alikuja mumewe, anatabasamu mpaka gego la mwisho.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona. Inakwenda kutupwa wapi?"

Haikuwa inakwenda kutupwa. Ilikuwa imenunuliwa.

Ngoja kwanza uwajue hawa wawili. Bi Povu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, jina akalipata huko, na tangu astaafu hakuna kitu kichafu kilicholala mara mbili ndani ya nyumba yake. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mzee Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni; hata akienda kuoga, ilimsubiri kwenye msumari wa mlango. Alipokuwa kijana, mteja mmoja alikuwa akija dukani kwake na pikipiki ya aina hiyo, anaiegemeza ukutani, anaingia kupimwa suruali. Mzee Futi akampima huku macho yako nje. Suruali ile ilitoka na mguu mmoja mfupi. Miaka arobaini imepita, na tamaa bado mbichi.

Akaisukuma hadi chumba cha uani, chumba alichokulia binti yao wa pekee, ambacho baada ya binti kuolewa kilikuwa chumba cha cherehani.

Jumanne binti akapiga simu. Mimba ilikuwa ya miezi saba, daktari amemwambia alale, asinyanyue hata ndoo, na mumewe dereva wa lori ana safari ya wiki sita. "Nakuja kwenu, Mama. Jumamosi ya wiki ijayo. Kile chumba changu bado kipo?"

"Kipo," akasema Bi Povu, akitazama mlango wa chumba, ambako bomba la moshi lilikuwa limechomoza nje kama ulimi. "Kipo, mwanangu. Kinakusubiri wewe tu."

Akaweka simu, akaenda mlangoni, akashika kiuno.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia. Siku tatu tu, Mama. Siku tatu inaunguruma, ya nne iko nje."

Basi ungetegemea mtu mwenye siku tatu aanze kwa kutazama plagi, au atie petroli aone. Mzee Futi hakuwa mtu wa hivyo. Yeye koti likiletwa dukani limechakaa halirekebishi juu juu. Hulifumua lote, mshono kwa mshono, kola huku, mikono huku, bitana huku, kila kipande akakichora alama kwa chaki, ndipo aanze kulishona upya. Kwa pikipiki akafanya vilevile. Akaifumua. Hakuna neno jingine. Alitoa tangi, akatoa magurudumu, akatoa mnyororo, akafungua injini hadi pistoni ikatoka. Hata kengele ndogo ya hendeli, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, ilifumuliwa. Kila kipande alikifuta kidogo kwa kitambaa, akakichora kwa ile chaki bapa ya nguo: msalaba wa kushoto, mstari wa kulia, duara la mbele, na namba. Kisha akakipanga sakafuni. Vikawa vipande mia moja na arobaini na saba, kutoka ukutani hadi ukutani, na kitanda cha binti kimesimamishwa wima pembeni kama mwanafunzi mtoro.

Siku tatu zikaisha. Zikaisha nyingine tatu. Jumatano ya pili Bi Povu alikwenda kuchukua sindano chumbani, akakanyaga springi, nusura aende na uso.

"Kitendawili!" alipiga kelele kutoka sakafuni.

"Tega," akajibu Mzee Futi bila kuinua kichwa.

"Nina mgeni. Hana miguu, hana macho, hali wala hanywi, na chumba kanipokonya."

Mzee Futi akafikiri, kweli kabisa akafikiri, bisibisi mdomoni. "Kabati?"

"Kabati!"

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji siutaki! Nataka chumba! Mwanangu anakuja Jumamosi hii, na nitamlaza wapi? Juu ya tangi?"

"Mama, usiniharakishe. Ukimharakisha fundi, mkono wa koti unakaa mgongoni."

"Sikiliza, mzee wangu. Ijumaa adhuhuri yule wa vyuma chakavu anapita na mkokoteni wake. Kama mdudu wako hajatoka, atatoka naye, kwa kilo."

Alisema hivyo, na alikuwa na maana hiyo. Mzee Futi akamtazama, akatazama vipande vyake, akairudisha ile springi mahali pake. Usiku ule hakukoroma, jambo ambalo Bi Povu alilisubiri miaka mingi, na lilipokuja likamnyima usingizi.

Alhamisi asubuhi mzee akatoka kutafuta karatasi ya gasketi, ile ya kuziba injini isivuje. Bi Povu akabaki na ile sakafu. Moyo ulikuwa umemlainika kidogo, si sana. Akainama akaokota nati moja. Nyeusi, ina gundi ya mafuta ya miaka na miaka. Na hii nyingine? Ndiyo hiyo hiyo. Akasonya. Kumbe ndiyo maana haimalizi! Nani atashona nguo chafu? Akasema ngoja nimsaidie huyu mtu, nimfupishie njia.

Akaleta makarai matatu. La kwanza mafuta ya taa, la pili maji ya moto na sabuni ya unga, la tatu maji ya kusuuza. Akakunja mikono ya gauni. Akafua. Alifua pikipiki ile kama alivyofua hospitali nzima: akaloweka, akasugua kwa brashi, akasuuza, akafuta kila kimoja kwa kitambaa kikavu ili kisishike kutu, akavimwaga vyote juu ya shuka jeupe uani. Viling'aa. Mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akadhani ni vyombo vya harusi.

Mzee Futi akarudi saa saba, karatasi kwapani. Akasimama. Akatazama shuka. Akachukua kipande, akakigeuza. Akachukua cha pili, akakigeuza. Cha tatu.

"Mama," akasema, sauti imepungua. "Chaki iko wapi?"

"Chaki gani?"

"Alama zangu."

Hapo ndipo Bi Povu alipoelewa. Alijisikia kama aliyemeza barafu nzima. Na kwa kuwa hakuwa na pa kuikimbilia aibu ile, akaigeuza hasira.

"Nani aliyekufundisha kuandika juu ya chuma kwa chaki? Nani? Watu wana rangi, watu wana karatasi, watu wana kamba ya kufungia! Chaki! Chaki ni kitu cha kuaminiwa?"

"Nguo huwa sifui kabla sijashona," akasema Mzee Futi kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Akavua futi shingoni, akaikunja, akaiweka juu ya dirisha. "Mwite huyo wa vyuma. Hakuna haja ya kungoja adhuhuri ya kesho."

Akaingia ndani akakaa.

Bi Povu akabaki uani na vipande mia moja na arobaini na saba, visafi, visivyo na kwao. Haya, alichokuwa anakitaka si ndicho hiki? Pikipiki itoke, chumba kibaki, binti alale. Kazi ya dakika kumi. Lakini angeitoa kwa kosa la nani? Lingekuwa lake. Na miaka yote iliyobaki wangekula meza moja na pikipiki ile katikati, haionekani, haiondoki. Akasonya hadi meno yakauma.

"We baba, toka nje!"

Hakutoka.

"Nimesema toka! Mimi nimefua, mimi nitapanga. Wewe kazi yako kusema hapana."

Akaokota bolti moja, akaileta karibu na macho. Sasa kwa kuwa imetakata, ilionekana shingoni mwake pete nyepesi, mahali nati ilipokalia miaka yote. Akatafuta nati yenye pete ya upana huo. Akaipata ya tano. Ikaingia kwa vidole, laini.

"Njoo uone," akasema. "Zimezoeana."

Mzee Futi akasogea mlangoni. Akavumilia, akavumilia, akashindwa. "Hiyo si hapo. Hiyo ni ya stendi."

"Mimi nitajuaje? Kaa chini!"

Walikaa chini Alhamisi yote iliyobaki. Bi Povu alikuwa akimwinulia kipande, mzee anasema hapana, hapana, ndiyo, hapana. Wakagombana juu ya springi mbili zilizofanana kama mapacha. Wakagombana zaidi juu ya utaratibu, kwa sababu Mzee Futi alitaka injini kwanza, kama bitana, halafu mwili, halafu mapambo.

"Magurudumu kwanza," akasema Bi Povu.

"Hakuna anayeanza na vifungo!"

"Sihitaji iwake, baba! Nahitaji isogee! Ikisogea, itatoka. Ikitoka, utaishona huko nje mpaka mjukuu wako aote ndevu!"

Ijumaa adhuhuri yule wa vyuma chakavu akagonga lango, mizani begani. "Nimeambiwa kuna mzigo."

"Nani amekwambia?" Bi Povu akamkaripia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Wewe mwenyewe, mama. Jumatano."

"Basi Jumatano nilikuwa naumwa. Nenda zako." Kisha akamwita. "Ebu rudi. Shika hapa kwanza, tukaze hili gurudumu."

Alishika saa nzima, maskini, mizani yake imelala juani.

Hadi jioni pikipiki ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake, injini imefungwa, tangi liko juu na petroli kidogo ndani. Bolti mbili zilibaki bila kwao. Mzee Futi alizitazama kwa huzuni, Bi Povu akazitumbukiza katika kopo la vifungo ili asizione. Sasa ilibidi ipite mlangoni, kwa maana wakati wa kukaza injini mvua ilitishia, wakairudisha chumbani, na hendeli wakaifungia humo humo. Mzee akavaa futi yake tena, akapima mlango. Inchi thelathini. Akapima hendeli. Inchi thelathini na moja.

"Haipiti," akasema. "Itabidi tupunguze fremu ya mlango. Nitachora..."

"Ukichora kitu chochote kwa hiyo chaki, nitakuuma." Bi Povu akashika hendeli, akaikunja pembeni, akaisukuma. Ikatoka kama paka.

Ijumaa ile hakupumzika. Alisugua sakafu mara tatu kuua harufu ya mafuta ya taa. Akashusha kitanda. Jumamosi asubuhi akatandika mashuka meupe, yale mazuri, akapiga foronya mpaka zikakaa kama mikate, akafungua dirisha hewa iingie. Akasimama mlangoni akatazama. Chumba. Chumba kitupu, safi, cha mtoto wake. Alitaka kulia.

Nje, chini kabisa ya dirisha lile, Mzee Futi alikuwa anapiga kiki.

"Baba, usifanye hivyo sasa."

"Najaribu tu. Haiwezi kuwaka hii, bado kabureta sijai..."

Kiki. Kimya. Kiki. Ikakohoa. Kiki.

Ikawaka. Ikawaka kwa kishindo kilichonyanyua kuku wa jirani, ikatetemeka mwili mzima, na mafuta yote ya miaka arobaini yaliyojificha ndani ya bomba, kule ambako brashi ya Bi Povu haikufika, yakatoka kwa pamoja: moshi mzito, mweusi, ukaingia dirishani moja kwa moja kama mtu aliyealikwa. Ukatulia juu ya mashuka.

"Zima!" akapiga kelele Bi Povu.

"Sijui pa kuzimia!"

"Zima, baba!"

"Kizimio kilikuwa na alama!"

Wakati huo huo teksi ikasimama langoni. Dereva akashuka kufungua mlango wa nyuma, na binti akatoka polepole, tumbo mbele, mkono mgongoni, akatazama moshi unaotoka katika chumba chake.

"Mama! Kunaungua?"

"Hakuna kinachoungua ila mimi!" Bi Povu akamgeukia mumewe. "Ondoa hilo dubwana hapa! Saa hii hii! Si imewaka? Panda, uende!"

"Niende wapi?"

"Popote! Mji si ulinipa? Nenda kaishi huko!"

Mzee Futi, ambaye maishani mwake aliendesha pikipiki mara mbili, na zote mbili nyuma ya mtu, akapanda. Futi ikapeperuka begani. Akapita langoni kwa mashaka, akapita kando ya teksi huku dereva akirukia ndani, akainua mkono kumsalimia binti yake, ikayumba, akaurudisha haraka. Akashuka mtaa mzima hivyo, mgongo wima kama amemezeshwa rula, anapiga kelele kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

Bi Povu alikwishavua mashuka. Alitoka nayo kifuani, meusi, akamketisha binti kwenye kiti cha kivulini, akamwekea mto mgongoni, akamimina maji kwenye karai. Huko chini mtaani mngurumo ukakatika ghafla.

Wakasikiliza. Kiki. Kimya. Kiki. Kimya. Halafu sauti ya mbali, ya mzee: "Mama-a! Njooni mnisukume!"

Binti alikuwa anacheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Mama, jamani. Kaulize hata kama ameumia."

"Mtu aliyeumia haiti hivyo." Bi Povu akamwaga sabuni, akaanza kusugua, na mdomo wake ulikuwa unamchezacheza pembeni, hakuupa ruhusa. "Mwache huko huko mpaka mashuka yakauke."